Diwani na Kopo la Udongo

Gunia likiloa maji lina harufu yake. Ni harufu ya mahindi ya zamani, ya vumbi lililokata tamaa, na kwa mbali, kama una pua ya kuaminika, ya mbwa. Wiki jana nililoweka gunia uani, nikalikamua, nikabaki nimesimama nalo mikononi kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Binti yangu akapita, akanitazama. "Mama, unalia?" Nikamwambia ni vumbi limeniingia. Gunia lilikuwa linachuruzika maji mpaka kwenye ndara zangu, lakini mtoto ana adabu, hakuuliza vumbi hilo limetoka wapi.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa safari. Wenzangu wa rika langu wamefika Doha, wamefika Dubai, wanatuma picha wamesimama mbele ya majengo yanayong'aa kama sufuria mpya. Mimi nikivuka daraja la Mtwapa tu naanza kuwaza kama nimezima jiko. Wanaonicheka wana haki yao. Lakini hata kobe kuna siku alibebwa akapelekwa mbali bila kuulizwa, na nyinyi mliokulia kwenye nyumba za kupanga mnajua siku hizo zinavyokuja: baba anapata kazi kwingine, lori linaletwa, na kitanda ulichozaliwa juu yake unakikuta kinatoka mlangoni miguu juu.

Kobe si mfano, ni jina langu. Nilipewa na mwenye nyumba wetu kule Malindi, Mzee Aboud, aliyeona kwamba kila wenzangu wakienda kucheza ufuoni mimi nilikuwa kizingitini nikiangalia kuku. "Kobe, hujambo?" "Sijambo, Babu, shikamoo." "Marahaba. Leo umetoka kwenye gamba hatua ngapi?" Kila asubuhi hivyo. Sisi tulikuwa watu wa bara, watu wa kanisani na sima. Baba alikuwa mpishi hotelini. Yeye alikuwa wa hapohapo tangu enzi, mtu wa kanzu na kofia, nyumba ya baba yake na babu yake. Alikaa upande wa mbele, sisi vyumba viwili vya nyuma, katikati kisima na mpera.

Na kulikuwa na Diwani. Mbwa mweusi, mkubwa, manyoya mazito yasiyofaa kabisa kwa jua la pwani, na masikio yaliyokuwa hayaelewani, moja juu moja chini. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu, alisema, anapiga kelele nyingi, anakula vizuri, na kazi yake hatuioni.

Mzee Aboud hakuwahi kumgusa. Akipita uani alikuwa anakusanya kanzu yake mpaka magotini, anajibana ukutani, na anasema kwa heshima kabisa, "Diwani, shika njia yako nami nishike yangu." Akija mgeni alimwonyesha kwa kidole cha mbali: "Yule pale ni mpangaji wangu asiyelipa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa akili yangu ya wakati ule, mtu anayempenda mbwa humkuna masikio, na mtu anayejibana ukutani anamchukia. Jioni alikuwa akitoka na vichwa vya samaki ndani ya gazeti, akavirusha chini ya mpera bila kuangalia, kama mtu anayetupa kitu kisichomhusu. Nilidhani anatupa takataka. Diwani, aliyekuwa akimsubiri hapo kuanzia alasiri, alijua zaidi.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Mwaka ule mama yake Mzee Aboud alifariki. Kwetu bara mtu akifa kuna vikao, kuna kamati, kuna mabishano ya wiki mbili kuhusu sufuria. Pale asubuhi nilisikia kilio, na alasiri wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini wanapangusa udongo kwenye kanzu zao. Nilichungulia kupitia ufa wa mlango. Niliona maji yakiingizwa ndani kwa ndoo. Niliona kitambaa cheupe kikipimwa na kukatwa. Niliona udongo mikononi mwa watu. Maji, kitambaa cheupe, udongo: nikaviweka kichwani vitatu hivyo kama hesabu, na jibu lake nililijua. Nilichoondoka nacho ni kwamba watu hawa hawangoji. Vifaa vyao viko tayari.

Basi baba akapata kazi Mtwapa. Alitangulia na lori la vyombo, na mama, aliyekuwa na tumbo la miezi ya mwisho, nikabaki naye ili tufuate taratibu. Kuhusu mbwa, baba alipiga simu: gari la abiria halimchukui, lori lilishajaa na limeshaondoka, kama hakuna njia muacheni. Mama alijibu "haya" ile ya kinamama, ambayo maana yake si haya. Mbwa asiye na mwenyewe mjini hana maisha. Siku zile walikuwa wakitegewa nyama yenye sumu, tunaamka tunawakuta mtaroni. Mimi nilijua mtaro wenyewe.

Mama akaenda kumweleza Mzee Aboud. Nilikuwa nyuma ya leso yake.

"Nitawapeleka mimi," akasema mzee. Alikuwa na gari aina ya Probox, ile ambayo nyuma haina ukuta, abiria na mzigo wote wanaonana.

"Na mbwa, Mzee?"

"Na mpangaji wangu pia. Kwani amefukuzwa?"

Mama akashukuru sana. Mimi sikushukuru. Mtu ambaye hajawahi kumgusa, leo ghafla anataka kumsafirisha?

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi mambo yalianza kujipanga vibaya moja baada ya jingine. Kwanza, mama alinikataza kumpa Diwani chakula. "Mzee amesema asile kitu mpaka tufike." Nikauliza kwa nini. "Mzee amesema." Diwani akaketi mbele ya sufuria yake tupu, sikio moja juu moja chini, akinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpa.

Pili, Mzee Aboud alimwita mama aje amfunge. Yeye mwenyewe alisimama mbali, mikono nyuma, akielekeza kama fundi. Walichukua leso kuukuu, wakaipitisha kifuani na chini ya makwapa, fundo likakaa juu ya mgongo. "Si shingoni, mama. Shingoni, nikishika breki, itamnyonga." Alilisema hilo neno kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Ncha ya leso ikafungwa kwenye chuma cha kiti.

Tatu, nilimwona Mzee Aboud nyuma ya kisima, mahali pasipokanyagwa na mtu, amechutama na mwiko wa fundi na chekecheke ya unga. Alikuwa anachimba udongo. Anauchekecha. Anaondoa vijiti na mawe, polepole, mpaka ukawa laini kama poda. Kisha akaujaza kwenye kopo la bati lililokuwa la mafuta ya kupikia, akafunika. Kopo likaingia garini. Likafuatiwa na dumu la manjano la maji. Likafuatiwa na dumu jingine, dogo, jeupe. Na mwisho kabisa akatoka ndani na kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, ndani ya mfuko wa nailoni.

Hesabu ikatimia. Nilichojiuliza tu ni kwa nini udongo uchekechwe. Nikajijibu kwamba labda kwa sababu ni Diwani wa watu wengi, anastahili.

"Umebeba vitu vingi, Mzee," mama alisema.

"Mama, jua na mnyama na barabara, hujui. Mimi nimejiandaa kwa lolote." Akatandika turubai nyuma, juu yake gunia lililoloweshwa maji, akanusa mkono wake. "Mbuzi nimewabeba kutoka Jilore miaka yote, wala hajanifia hata mmoja njiani."

Hilo halikunifariji. Mbuzi wale nilikuwa nawajua. Walifika salama wote, kisha wakachinjwa.

Sasa fikirini mtoto wa kukaa kizingitini, ambaye hata sokoni alikuwa akienda kwa kuburutwa, anaondoka kwao kwa mara ya kwanza, na nyuma ya kisogo chake kuna mbwa wake amefungwa, hajala, amelala juu ya gunia lenye maji, na vifaa vya maziko vimepangwa kando. Kulia nilikuwa naweza. Kusema sikuweza. Kwetu mtoto hamwulizi mzee "unataka kumfanya nini mbwa wangu?" Nilichoweza ni kufikiri, na fikra yangu ilikuwa moja tu: bila udongo hawezi kuzika. Nikalichukua lile kopo, nikalipakata.

Mzee Aboud akaniona kwenye kioo. "Kobe, hilo kopo ni zito. Liweke chini."

"Nimelishika lisimwagike, Babu."

"Ahsante, mwanangu. Umefanya la maana."

Hakuna sifa iliyowahi kuniuma kama hiyo.

Njia ya kutoka Malindi mpaka Gede sikuiona. Niliangalia nyuma. Diwani alikuwa anapumua kwa haraka, ulimi nje, mate yanashuka kwenye turubai kwa uzi mrefu usiokatika. Gari lilinuka gunia, petroli, na pumzi yake. Madirisha yalikuwa wazi nusu. Alipojaribu kutoa kichwa nje Mzee Aboud akapunguza mwendo, "Mama, mrudishe, jiwe moja tu na jicho limekwenda." Gede tukasimama kivulini. Mama akashuka na bakuli, Diwani akanywa kidogo, akajisaidia kwenye gurudumu la mtu mwingine, akarudishwa. Kila jambo lilifanywa kwa uangalifu wa ajabu, na kila uangalifu ulinitisha zaidi. Nilikuwa nimeona ng'ombe wa Krismasi pia akitunzwa.

Tulipoipita njia ya Dabaso, pale ambapo msitu uko kulia na nyumba za watu ziko kushoto, magari yakasimama. Lori la mawe ya kujengea lilikuwa limelala katikati ya barabara kama ng'ombe aliyegoma, na mawe yamejaa pande zote. Mbele yetu mstari, nyuma yetu mstari. Mzee Aboud akazima gari. Upepo uliokuwa ukiingia ukafa hapohapo.

Aliyewahi kusimama na gari juani upande ule saa za kukaribia adhuhuri hahitaji kuambiwa. Bati linachoma. Kiti kinakushika mapaja. Milango yote ilifunguliwa, hata ule wa nyuma, lakini hakuna hewa iliyopita. Mbu wa msituni wakatukaribisha. Nikahisi kopo limepata joto mapajani mwangu.

Kisha Diwani akaacha kudondosha mate.

Mimi nilidhani ni nafuu. Mzee Aboud ndiye aliyegeuka haraka. Akazunguka mpaka nyuma ya gari, akainama, akasimama umbali wake ule ule, akamtazama. Diwani alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake, akakaa.

"Mama, hebu funua mdomo wake. Angalia ufizi."

Mama akafunua. "Mwekundu, Mzee. Kama damu."

"Joto limemwingia. Gari limekuwa tanuri. Huyu akikaa humu hatutafika naye." Akaangalia kando ya barabara. Upande wa nyumba kulikuwa na mkanju, mkorosho mpana, matawi yake yamegusa chini, kivuli chake cheusi. "Lazima afike pale. Na hawezi kutembea."

Mama akapeleka mikono chini ya tumbo la Diwani.

"Wacha! Unataka kuzaa hapa, tuwe na wagonjwa wawili?"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, maana foleni ikisimama hata mbwa ni burudani. Kijana mmoja, kondakta, alikuwa anakula miwa. "Mzee, kwani ni mbwa tu. Mshushe hapo mtaroni, safari iendelee."

"Safari gani, mwanangu, na lori limelala? Njoo umbebe basi, una nguvu."

"Mimi? Huyo ana meno!"

"Wewe pia unayo, na miwa unaijua."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Mzee Aboud akavua saa yake akampa mama. Akavua kofia. Akakunja mikono ya kanzu, mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayetaka kutia udhu. Kanzu ile ilikuwa nyeupe kabisa. Ndiyo aliyokuwa akivaa Ijumaa.

"Shehe anabeba mbwa!" akapiga kelele mtu kutoka gari la nyuma. "Jamani dunia imekwisha!"

"Bado," Mzee Aboud akasema. "Imebaki kidogo." Kisha kwa sauti ya chini, "Bismillahi."

Akafungua leso, akamkumbatia.

Niliona kwa macho yangu. Mtu aliyekuwa akijibana ukutani miaka yote amembeba Diwani kifuani, miguu minne inaning'inia, kichwa cheusi kimelala begani kwake, na ulimi unapaka mstari mrefu wa ute kuanzia shingoni mpaka kifuani. Akavuka mchanga akiyumba. Mimi nikamfuata nimekumbatia kopo, mfuko wa kitambaa cheupe nao chini ya kwapa, maana nilikuwa nimekata shauri: asiachiwe kifaa hata kimoja.

Chini ya mkanju alimlaza juu ya gunia alilolitandika mama. Akamwagia maji ya dumu la manjano tumboni, kwenye makwapa, kwenye nyayo. Si kichwani. Akayapangusa kwenye manyoya kwa viganja vyake yafike kwenye ngozi, kwa kwenda na kurudi, kama anaosha mtoto. "Polepole, Diwani. Polepole, mpangaji wangu." Alimpa ya kunywa kwa kiganja, kidogo kidogo, akiondoa mkono kila Diwani alipotaka kunywa kwa pupa. Mama akapepea kwa leso. Dumu la manjano likaisha, na Diwani bado alikuwa anahema kama mvukuto.

"Kobe, kimbia, lete lile jeupe."

Mama akaacha kupepea. "Mzee, hilo si lako?"

"Lilikuwa."

Nikalileta. Nalo likaingia tumboni mwa Diwani na kwenye mchanga. Sijui tulikaa kiasi gani. Najua kwamba korosho moja ilianguka, na hakuna aliyeiangalia. Najua nilikuwa naomba Mungu wa kwetu, na kwa kuwa tulikuwa ugenini nikamwongeza na wa Mzee Aboud, ili kusiwe na lawama. Kuhema kukapungua. Kukapungua tena. Diwani akapeleka ulimi, akalamba mkono wa Mzee Aboud kuanzia kidole mpaka kiwiko, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho, na akatulia kabisa.

Mzee Aboud akanyanyuka kwa shida. Mikono aliiweka mbali na mwili wake, vidole vimetanuka, ute unang'aa. Mwanamke mwenye boma la karibu na mkanju alikuwa ametuangalia kwa muda, na sasa alikuja na ndoo ya maji na kata bila kuulizwa, akaiweka chini. Mzee Aboud akamshukuru. Akageuka kwangu.

"Haya, Kobe. Sasa nipe kopo."

Nilirudi nyuma mpaka nikagusa shina la mti.

"Kobe. Kopo, mwanangu."

"Sikupi."

Mama akageuka kama amepigwa kofi. "We! Unamjibu nani hivyo?"

"Hajafa!" Sauti iliyotoka sikuijua. "Hajafa, Babu, amelala tu, usimzike!"

Hata kondakta akaacha kutafuna.

"Nani azikwe?" Mzee Aboud akauliza.

"Diwani. Una maji, na udongo, na sanda. Niliona kwa Bibi. Hamkumpa hata chakula!"

Mzee akaliangalia kopo. Akauangalia mfuko wa nailoni chini ya kwapa langu. Akaiangalia ndoo. Mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti, mikono bado iko hewani kama mtu anayekamatwa na polisi. Kisha sauti ikaja, kicheko chembamba ambacho sikutarajia kingetoka kwenye mwili ule. Mama akashika tumbo. "Mzee, acha, acha kunichekesha, nitazaa kweli." Diwani akafumbua jicho moja kuona kuna nini, akalifumba.

"Njoo hapa," Mzee Aboud akaniambia, macho yamejaa machozi ambayo hakuweza kuyafuta. "Udongo ule si wa Diwani. Ni wa mikono hii. Na chakula, nilimnyima asije akatapika njiani. Sisi mate ya mbwa yakitugusa tunajitoharisha mara saba, mara moja kwa udongo safi, ndipo mtu aweze kusimama kuswali. Na hilo unaloliita sanda, lifungue."

Nikafungua. Kitambaa cheupe kikaanguka, kikawa na mikono, kikawa na kola iliyotariziwa. Ilikuwa kanzu.

Nilikaa nayo mikononi nikifikiri. Mimi ni mzito wa kufikiri, lakini nikifika nafika. Udongo ule ulichimbwa asubuhi. Kanzu ile ilikunjwa asubuhi.

"Kwa hivyo ulijua utamshika?"

"Nilijua huenda. Mama yako hawezi kubeba, wewe ni kobe. Alibaki nani?"

Nikampa kopo. Alinionyesha namna ya kuchanganya udongo na maji ukawa tope laini, akajipaka mpaka juu ya viwiko na shingoni, na mimi nikammiminia kwa kata. Nilihesabu kwa sauti. Kwa haraka yangu nikaruka kutoka tatu nikaingia tano, akafumbua macho. "Kobe gani huyu mwenye mbio? Rudi." Nikarudi. Akabadilisha kanzu nyuma ya ua wa makuti, akatawadha kwa maji yaliyobaki, akatandika mkeka aliopewa na mwenye boma, akaswali upande wa pili wa mkanju. Kondakta alimaliza muwa wake, akaenda akaleta chupa ya maji yake ya kunywa, akaiweka karibu na pua ya Diwani, kwa mbali, kwa kuogopa meno.

Njia ilipofunguliwa watu wakaanza kupiga honi. Mzee Aboud hakuondoka. "Asimame mwenyewe kwanza, anywe mwenyewe." Diwani akasimama, akajikung'uta, akatulowesha mimi na mama, na kanzu ya pili ikaponea chupuchupu kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshajibana kwenye gari lake, amekusanya nguo magotini. "Diwani, shika njia yako nami nishike yangu." Safari hii nilicheka mpaka nikapata kwikwi.

Tulifika Mtwapa jua limeshapoa. Alipokuwa anageuza gari kurudi nilimkimbilia na lile kopo. Akalikataa. "Kaa nalo. Hata nikilichukua utalikalia tu." Diwani aliishi nasi miaka mingine mingi, akazeeka, akapata mvi za kidevuni, hakuwahi kupanda gari tena, na kusema kweli wala mimi sikuwa na hamu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu asubuhi kwamba Mzee Aboud amefariki. Nikaanza kutafuta nguo, kutafuta gari, kuzima jiko, kurudi kuhakikisha nimezima jiko. Nilifika Malindi alasiri. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanapangusa udongo kwenye kanzu zao. Kobe alichelewa, kama kawaida. Niliketi na kina mama nyuma ya kisima nikala walichonipa, na sikuweza kuangalia mpera.

Sasa ninaye mbwa mwingine, jike, anaitwa Karani, na wiki jana alivimba mguu, ikabidi apelekwe Kilifi kwa daktari wa mifugo. Gunia lilikuwa la kazi hiyo. Kijana wa teksi niliyempigia alifika amevaa kofia, akamwona Karani, akabaki ndani ya gari.

"Mama, hukuniambia ni mbwa."

"Ungekuja?"

"Nisingekuja."

Sikubishana. Niliweka mbele yake turubai. Nikaweka gunia lililoloa. Dumu la Karani, na dumu jingine dogo. Na kopo la bati, limeshika kutu pembeni, kifuniko chake bado kinakaza. Akashuka, akalifungua, akaingiza kidole.

"Umeuchekecha?"

"Nimeuchekecha."

"Mama ni Mwislamu?"

"Hapana. Tulikuwa wapangaji wa Mzee Aboud."

Hakumjua, wala sikumweleza. Alisimama kidogo, akaangalia kopo, akamwangalia Karani na mguu wake, kisha akaenda nyuma ya gari akatandika lile turubai mwenyewe, akivuta pembe zake zikae sawa. Tulipoanza kupanda kilima cha kutoka Mtwapa akaniona kwenye kioo.

"Mama, hilo kopo si zito? Liweke chini."

"Nimelishika," nikamwambia, "lisimwagike."